Mhandisi wa Katanga na Kijana wa Kashikishi

Mwezi wa Desemba hapa Nchelenge ni mwezi wa nyavu kuanikwa. Tangu tarehe 1 ya mwezi huo hadi mwisho wa Februari sheria ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wapate kuzaa, na ufuko wa Ziwa Mweru, ambao siku nyingine hujaa kelele za kupakua na kupatana bei tangu alfajiri, hutulia hata mtu akasikia mawimbi. Katika siku kama hizo alinijia ofisini mama mmoja muuza samaki wa soko la Kashikishi, akiwa na bahasha aliyoifunga ndani ya kitambaa. Ilikuwa barua ya mwanawe, kitinda mimba wake, ya kukubaliwa kusomea uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Copperbelt, mjini Kitwe.

"Mwalimu," aliniambia, maana hapa mtu akiisha kushika chaki hata kwa mwaka mmoja jina hilo halimtoki, ijapokuwa mimi sasa ni karani wa serikali tu, "nisomee polepole. Kisha uniambie: huyo mhandisi wa madini ni mtu wa namna gani? Akishakuwa mkubwa, akapewa watu wa kuwaongoza, hufanya nini?"

Nilimsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza lililokuwa likimkereketa. Ili kijana aende Kitwe, itambidi auze ama mtumbwi ama nyavu. Wala si mali peke yake. Babu yake mzaa mama alikwenda migodini Katanga pamoja na nduguye wakiwa vijana. Babu alirudi na blanketi mbili na kifua kibovu, nduguye hakurudi kabisa. Tangu utoto wake neno mgodi nyumbani kwao hulitajwa kwa sauti ya chini. Sasa mtoto wake mwenyewe anataka kwenda huko kwa hiari, tena akiwa na barua yenye mhuri.

Nikamwomba anipe juma moja. Mimi cheti changu ni cha ualimu, sikusomea mashine wala miamba, na swali la mama yule halikuwa la kujibiwa kwa maneno mawili ya kumpendeza. Ningeweza kumtafutia habari za mhandisi wa mbali aliyejenga daraja zuri akapewa shada la maua. Lakini nilifikiri ni heri nimweleze juu ya yule ambaye kampuni yake iliwachukua babu yake na nduguye, ambaye jina lake halijulikani sana katika ufuko huu ingawa kazi yake iliugusa kila mlango. Jina lake ni Edgar Sengier.

Msomaji aliyeko mbali na aelewe kwanza jinsi nchi ilivyokaa. Ukisimama Nchelenge ukatazama magharibi, ng'ambo ya maji ni Kongo. Nyuma ya ufuko ule, ukienda kusini na magharibi, ni nchi ya shaba ya Katanga. Wenyeji walikuwa wakiyeyusha shaba huko karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kupima mwamba, wakifanya misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Kibelgiji na Kiingereza iitwayo Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri la kwanza likatoa shaba.

Mwaka huohuo wa 1911 ndipo Sengier alipoingia katika kampuni. Alizaliwa mji wa Kortrijk, Ubelgiji, mwaka 1879, akahitimu uhandisi wa madini Chuo Kikuu cha Leuven mwaka 1903. Alikuja basi akiwa mtu wa miaka thelathini na kitu, rika la mwandishi wa safu hii, na alikuta kampuni changa yenye tanuri moja, deni nyingi na upungufu wa watu wa kufanya kazi.

Upungufu huo wa watu ndio uliogusa kwetu. Katanga ilikuwa na mawe mengi na vijiji vichache. Kampuni ya Robert Williams, mhandisi wa Kiskoti aliyekuwa na hisa katika biashara hiyo, ikatuma waandikishaji upande huu wa Luapula, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Waingereza. Vijana waliandikishwa kwa mikataba ya miezi michache, wakaenda kwa miguu. Wengi walikwenda kwa sababu ya kodi iliyotakiwa kulipwa kwa fedha, na fedha haikuwapo kijijini. Kambi za miaka ile ya mwanzo zilikuwa mahali pa maafa: homa ya mapafu, homa ya matumbo, kuhara damu, na mwaka 1918 ikaja homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Huko ndiko, bila shaka, alikobaki yule ndugu wa babu.

Sitaki kumsingizia Sengier kila kaburi. Wakati wa vita ya kwanza alikuwa Ulaya, akifanya kazi katika tume iliyoongozwa na Mmarekani Herbert Hoover ya kuwapelekea chakula Wabelgiji waliokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Hili nililitaja kwa mama kwa makusudi, maana linaonyesha kwamba mtu huyu alijua, kuliko wakurugenzi wengi, maana ya kuhesabu midomo na kuipatia posho.

Baada ya vita alirudi katika biashara ya shaba, safari hii akiwa miongoni mwa wakubwa wake, na katika miaka ya 1920 kampuni ikageuka sura. Hapa, msomaji, nakuomba uvumilie maelezo ya kiufundi. Nitayaleta mpaka jikoni. Mawe ya kwanza yaliyochimbwa yalikuwa na shaba nyingi, yakatoshwa kwa moto wa tanuri. Lakini mawe ya namna hiyo huisha, na yaliyobaki yalikuwa na shaba kidogo iliyosambaa ndani ya udongo. Kuyachoma ni kupoteza kuni. Mama anayesugua chombo cha shaba kwa ndimu huona kutu ya kijani ikitoka na kuingia katika maji ya ndimu. Hivyo ndivyo kiwanda cha Shituru, karibu na mji unaoitwa leo Likasi, kilivyofanya kuanzia mwaka 1929: mawe yaliyosagwa yalilowekwa katika asidi, shaba ikaingia majini, kisha umeme ukapitishwa katika maji hayo, na shaba safi ikaganda juu ya bamba. Umeme ulitoka katika maporomoko ya mto Lufira huko Mwadingusha, ambako mtambo ulianza kazi mwaka 1930. Kampuni iliyotegemea moto ikawa kampuni ya asidi na umeme. Mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 100,000 za shaba kwa mwaka, na juu ya hiyo kobalti, na radiamu kutoka mgodi mdogo wa Shinkolobwe uliogunduliwa mwaka 1915.

Badiliko la pili lilikuwa la nyumba, na kwa ukurasa huu wa nyumbani ndilo kubwa zaidi. Vibarua wa Luapula walilipwa kwa fedha ya Kiingereza. Faranga ya Ubelgiji iliposhuka thamani baada ya vita, kila kijana wa Mweru akawa ghali machoni pa mtunza hesabu wa kampuni. Tena mtu wa miezi sita huondoka mara tu anapoanza kuijua kazi, na mwingine huletwa, naye hufundishwa upya, naye huugua upya. Wakurugenzi wakapiga hesabu. Kuanzia kati ya miaka ya 1920 walielekea ndani ya Kongo na Ruanda-Urundi, wakaandika mikataba ya miaka mitatu, na wakaruhusu jambo walilolikataza kwanza: mfanyakazi aje na mke wake. Nyumba zikajengwa za matofali. Mke akapata posho yake na mtoto posho yake. Kliniki za wajawazito zikafunguliwa, watoto wachanga wakapimwa uzito, shule zikaanzishwa kambini. Vifo vikapungua sana.

Mama alinikatiza hapa. "Kwa hiyo walikuwa na huruma?"

Nilimjibu kwamba neno lililokuwa katika vitabu vyao halikuwa huruma, lilikuwa gharama. Mfanyakazi mwenye mke hupikiwa, hulala mapema, hatoroki. Na mwanawe aliyezaliwa kambini huja kuwa mfanyakazi asiyehitaji kuandikishwa mbali. Hata hivyo mtoto aliyepimwa uzito akapona, amepona. Sijui, ndugu msomaji, kama mimi ningekuwa mama wa kambi ningelijali lile lililoandikwa kitabuni. Ila masharti yalikuwapo: posho iliyotolewa kwa mke ilikuwa fimbo pia, kwa kuwa mume aliyefukuzwa kazi alipoteza mshahara, nyumba na unga wa watoto kwa siku moja. Hali ya biashara ilipoharibika duniani baada ya 1929, maelfu walirudishwa makwao. Uandikishaji wa upande wetu wa Luapula ulikoma mnamo mwaka 1931.

Lakini Mweru haukuachana na Katanga. Vijana walipoacha kwenda, samaki waliendelea. Kambi zile zililishwa na ziwa hili. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, kando ya mto Luapula, walinunua samaki wa huku na kuwapeleka Elisabethville, wabichi juu ya barafu na wakavu kwa magunia, wakawauza kwa kampuni kama posho. Kuna samaki aliyeitwa mpumbu, aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa mvua za kwanza zinapoanza ili kutaga mayai. Walimvua akipanda, mayai yakiwa tumboni, kwa sababu mgodi ulikuwa na njaa na bei ilikuwa nzuri. Kufikia karibu na mwaka 1950 makundi hayo yalikuwa yamekwisha. Leo kijana wa Kashikishi ukimtajia mpumbu hukuuliza ni samaki gani. Chisense, vile vidagaa tunavyoanika juu ya mchanga, ndivyo vinavyotulisha sasa. Wala Sengier, nadhani, hakupata kusikia jina la mpumbu hata siku moja. Mkuu wa kampuni huona tani za shaba. Samaki aliyeliwa ili tani hizo zipatikane huandikwa katika daftari la mtu mwingine.

Na lugha pia. Migodini, Kiswahili kilishika nafasi ya lugha ya kazi, kikachanganyika na Kibemba cha watu wa Luapula, na mpaka leo ukimsikiliza mtu wa Lubumbashi unasikia maneno ya nyumbani kwetu ndani yake. Mama yangu mzazi, aliyezaliwa Pweto, ndiye aliyenifundisha Kiswahili hicho, na shuleni nikakigonga msasa. Lakini nisipotoke.

Nafika sasa kwenye sehemu ya maisha ya Sengier inayomfanya atajwe vitabuni. Mgodi wa Shinkolobwe ulikuwa na jiwe zito jeusi lenye urani nyingi kupita mgodi wowote uliojulikana. Kwa miaka lilichimbwa kwa ajili ya radiamu peke yake, iliyotumiwa na matabibu, na urani yenyewe ikahesabiwa kama makapi. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, ukajaa maji. Mwezi Mei 1939 Sengier, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mwendeshaji wa kampuni nzima, alikutana Uingereza na mtaalamu Henry Tizard, akaonywa kwamba jiwe alilonalo likiingia mikononi mwa adui laweza kuleta maangamizi. Muda si mrefu mwanasayansi wa Kifaransa Frédéric Joliot-Curie naye akamtafuta kwa ajili ya jiwe hilohilo.

Wengine wangelitikisa kichwa wakarudi kwenye shaba. Yeye alihamia New York mwezi Oktoba 1939, na Ubelgiji ilipotekwa mwaka 1940 aliiendesha kampuni kutoka huko. Mwishoni mwa mwaka huo, pasipo kuombwa na serikali yoyote, aliagiza akiba ya mawe iliyokuwa Katanga ipelekwe kwa reli hadi bandari ya Lobito na kuvushwa bahari ya Atlantiki. Zaidi ya tani 1,000 zilifika, zikawekwa ndani ya mapipa ya chuma katika ghala moja kisiwani Staten Island. Zilikaa huko karibu miaka miwili. Mwaka 1942 aliwadokeza maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kwamba ana kitu cha thamani, wao wakataka kusikia habari za kobalti. Ndipo mwezi Septemba mwaka huo akafika ofisini kwake Luteni Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani, na kwa mazungumzo ya chini ya saa moja mapipa yote yakauzwa, pamoja na mawe mengine yaliyobaki Katanga.

Msomaji anajua yaliyofuata. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lilitupwa Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi hiyo yote ilitoka Shinkolobwe. Mwaka 1946 Wamarekani walimvika Sengier nishani yao ya Medal for Merit, bila makeke, kwa kuwa mambo yalikuwa bado ya siri. Kuna hata aina ya jiwe lililopewa jina lake, sengierite. Aliacha uendeshaji mwaka 1949, akabaki barazani mpaka 1960, akafa mji wa Cannes, Ufaransa, mwaka 1963.

Kwa kadiri ya kuona mbali, sijasoma habari za mkurugenzi aliyemzidi. Hata hivyo hakuona kila kitu: akiba nyingine kubwa ya urani ilikuwa imebaki Ubelgiji, katika kiwanda cha Olen, na Wajerumani waliikuta wakaichukua. Hili huachwa mara nyingi na wanaomsifu. Mimi silitaji ili nimshushe. Mtu aliyeokoa mapipa ya Katanga akasahau ya nyumbani kwake ni mtu kama sisi.

Kuna tarehe moja, hata hivyo, niliyomwekea mama mbele yake kama mtu anavyoweka samaki wawili kwenye mizani. Mwezi Desemba 1941 mapipa yalikuwa ghalani New York, yamefungwa vizuri, yanalindwa na uangalifu wa mhandisi aliyefikiria miaka mitano mbele. Mwezi huohuo, Elisabethville, wafanyakazi Waafrika wa kampuni hiyohiyo waligoma. Bei za vyakula na nguo zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, kazi imeongezwa, mshahara haukutosha, na wafanyakazi Wazungu walikuwa wamekwisha kudai na kupata nyongeza. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari walipiga risasi. Makumi waliuawa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa msemaji wao. Hesabu kamili ya waliokufa hutofautiana kutoka kitabu hadi kitabu hadi leo, ilhali uzito wa mapipa ya Staten Island unajulikana.

Sisemi kwamba Sengier alitoa amri. Amri ilikuwa ya serikali ya kikoloni, naye alikuwa ng'ambo ya bahari. Nasema tu kwamba barua ilikuwa ikienda na kurudi baina ya New York na Katanga, na kwamba mtu aliyeweza kuhisi hatari ndani ya jiwe kwa onyo la mara moja alikuwa na wakaguzi, madaktari na makarani wa kutosha kumwambia bei ya unga kambini.

Halafu kuna wachimbaji wa Shinkolobwe wenyewe. Wamarekani waliupigia pampu mgodi, wakaufungua tena wakati wa vita. Watu waliingia, wakachimba, wakachagua mawe kwa mikono. Siri ilikuwa siri, na huenda hata wasimamizi wao hawakujua mawe yanakwenda wapi. Hakuna aliyewaambia wachimbaji jiwe lile ni jiwe gani. Sengier alijua, angalau kwa sehemu. Onyo la 1939 lilimfikia yeye. Halikushuka ngazi likafika kwa mtu aliyelishika jiwe.

Nilipokuwa nikifundisha, mtoto akinionyesha hesabu aliyoipata nilimwambia aonyeshe na njia. Ukiangalia njia ya Sengier utaona hesabu safi, hatua baada ya hatua, kwa kila kitu kilichoweza kuingia katika pipa. Alipofikia watu, alihesabu mpaka pale walipokuwa gharama, akaishia hapo. Nadhani ndivyo walivyofundishwa wote wa siku zile, na sina hakika kwamba wa siku hizi wamefundishwa vingine. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967 ikawa mali ya Kongo, mkoloni akaenda zake. Na bado mwaka 2004, Shinkolobwe ulipokuwa umepigwa marufuku lakini wachimbaji wadogo wakiendelea kuingia, sehemu yake iliporomoka ikaua watu wasiopungua wanane. Nao walikuwa wakitafuta kobalti, kwa mikono, bila mhandisi wa kuwaambia mwamba umechoka.

Neno hilo la mwisho ndilo nililolifikiria zaidi kuliko nishani na mapipa. Watu wanane wa 2004 hawakufa kwa sababu ya kuwapo mhandisi, walikosa mhandisi. Na babu wa mama yule, kama angekuwapo mtu wa kwao katika ofisi ya kambi, mwenye kujua mapafu ya vijana wa Luapula na baridi ya usiku wa Katanga mwezi wa Juni, pengine asingesubiri mpaka faranga ishuke ndipo apewe nyumba yenye mlango.

Mama alirudi baada ya juma moja, safari hii akiwa na mwanawe. Kijana mrefu, mpole, mikono yake bado ina alama za kamba za nyavu. Niliwaeleza yote haya niliyoyaandika, kwa muda wa alasiri nzima, maana Desemba hakuna anayekimbilia soko. Kijana aliuliza juu ya asidi na umeme: bamba ni la nini, asidi hupatikanaje, kwa nini mtambo uwe Mwadingusha na si kwingine. Macho yalimng'aa, nami nikajua kwamba hapo hapana wa kumzuia. Mama aliuliza juu ya uwanja wa mpira.

Kisha walinyamaza kidogo. Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha juu ya ziwa.

"Huyo Mbelgiji," mama alisema hatimaye, "aliambiwa na Mwingereza jiwe ni baya. Yeye hakumwambia mtu wa chini."

"Ndivyo, mama."

Akamgeukia mwanawe. Hakusema kwa ukali. Alimwambia kwamba ataondoka, na kwamba barua yake ya kwanza, atakapopewa kazi, asimwandikie mshahara ni kiasi gani. Amwandikie jiwe analolichimba ni jiwe gani, linakwenda wapi, na kama wale wanaolishika wameambiwa. "Usiponiandikia hivyo," alisema, "nitakuja Kitwe mwenyewe, niwaulize."

Kijana akaitikia kwa kupiga makofi ya heshima, kama desturi ya hapa. Nyavu ziliuzwa juma hilohilo kwa mtu mmoja wa Mununga. Mtumbwi ameubakiza, na tarehe 1 Machi alikuwa majini pamoja na mkwewe, kwa nyavu za kuazima.